Mbona mama bado anapanga?

Mdogo wangu mmoja niliyecheza naye uwanja wa Don Bosco, Upanga, kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kiini chake: "Kaka, mwaka wa sita huu uko Ulaya unalipwa kucheza kikapu. Mbona mama bado anapanga Mabibo? Na mimi nakuja lini?" Nilicheka, halafu nikakaa siku mbili sijamjibu. Najua si yeye peke yake anayejiuliza hivyo, wengine mna adabu tu. Basi najibu hadharani.

Niko Hispania, daraja la tatu. Ligi yetu zamani iliitwa LEB Plata, tangu 2024 inaitwa Segunda FEB. Ile ya kina Real Madrid ni ACB, ngazi mbili juu yetu. Mkononi napata euro 1,100 kwa mwezi. Klabu inanipa chumba kwenye nyumba ya watu watatu, na mlo wa mchana kwenye mgahawa wa mdhamini. Usikimbilie kuzidisha kwa shilingi. Zidisha kwanza kwa 9, maana mkataba unaanza mwisho wa Agosti na kuisha Mei. Baada ya hapo ufunguo wa chumba narudisha, na miezi iliyobaki nakula nilichobana. Mimi ni kibarua wa msimu, sawa na mchuma karafuu wa Pemba. Nimemzidi viatu.

Najua mna picha ya Hasheem Thabeet kichwani. Hata mimi ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua chipukizi kwa zamu; James Harden akaitwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mtoto wa Dar! Lakini yule ana mita 2.21, na hata yeye baadaye alikwenda kucheza Japani na Taiwan. Mimi nina 2.02. Mabibo naitwa mnazi, huku ni wa kawaida kabisa. Mazoezini kuna kijana wa Senegali, miaka 19, mita 2.11, ananiamkia vizuri kila asubuhi huku akingoja nafasi yangu.

Na kilichonifungulia mlango si ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, ni pasipoti. Timu za huku zina kikomo cha wageni. Niliposajiliwa, sisi wa nchi zilizokuwa kwenye Mkataba wa Cotonou, ule wa mwaka 2000 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, tulihesabiwa kando, hatukula nafasi ya Mmarekani. Wenyewe wanatuita "Cotonou" tu, kana kwamba ni kabila. Pasipoti ile ile inayonitoa jasho kila nikiomba viza, hapo ndipo ilipogeuka lulu.

Sasa la uchungu. Msimu wa pili nilikuwa klabu nyingine. Januari niliruka kudaka ribaundi, nikatua juu ya mguu wa mtu, kifundo kikavimba kama embe dodo. Kiongozi mmoja alikuja kunijulia hali na mfuko wa machungwa. Akaniuliza nitarudi lini uwanjani. Nami nikamuuliza mshahara wa Desemba uko wapi. "Wiki ijayo," akasema, akamenya chungwa moja akala yeye mwenyewe. Hiyo wiki haijafika mpaka leo. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wana baraza la usuluhishi la wachezaji na klabu, BAT, lakini halikupokei kama mkataba wako hauna kifungu kinacholitaja. Wangu haukuwa nacho. Nilisaini kurasa mbili za Kihispania nisichokijua, nikapiga na picha nimeshika kalamu.

Na ile picha yangu nimeegemea gari jeupe, mliyoipenda sana: gari la mdhamini. Lilikuwa limekuja kupigwa picha na timu nzima.

Mama anapanga, ndiyo. Kodi natuma mimi, miezi sita kwa mkupuo kama mwenye nyumba anavyotaka, pamoja na dawa za presha na ada ya mdogo wetu wa mwisho. Kinachobaki hakijengi.

Wewe mdogo wangu, usije bila mkataba ambao mtu mwingine amekusomea neno kwa neno. Wakala akikuomba hela ya "majaribio", huyo ni tapeli, mfungie. Mawakala wenye leseni ya FIBA majina yao yako wazi, na chao hutoka kwenye mkataba, hakitoki kwa shangazi yako. Tena tazama jirani: BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ilianzia Kigali mwaka 2021, na Kigali unafika kwa basi.

Sisemi najuta. Jumamosi ukumbi ukijaa, watoto wakinipigia ngoma za plastiki, nasahau saa tisa za basi na magoti yaliyobanwa kwenye kiti cha mbele. Jumapili nasonga ugali kwa unga wa mahindi wa Wavenezuela, unga uliopikwa kabla, ukikoroga vibaya unakuwa gundi. Nakula hivyo hivyo.

Mei inakaribia. Goti la kushoto limeanza kulia nikipanda ngazi. Wiki iliyopita timu moja ya Ureno ilimpigia wakala wangu. Waliuliza umri kabla ya jina.