Kidonge cha thairoidi na chai ya asubuhi

SWALI: Assalaam aleikum. Nina miaka 38. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa tezi yangu ya thairoidi ni dhaifu, nikaandikiwa levothairoksini mikrogramu 75. Sikosi hata siku moja: nameza asubuhi kwa chai ya maziwa na mahamri, pamoja na kidonge cha madini ya chuma kwa sababu damu yangu ni kidogo. Bado nachoka, nywele zanyonyoka, choo kigumu, na TSH ya juzi ni 11. Je, dozi haitoshi? Na Ramadhani nifanyeje?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada. TSH ndiyo homoni inayoihimiza thairoidi ifanye kazi, na maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Kwa hiyo 11 yaonyesha mwili wako haupati homoni ya thairoidi ya kutosha. Lakini kabla ya kuilaumu dozi, naishuku chai. Madini ya chuma na kalisiamu ya maziwa huishika dawa hii tumboni, ikatoka na choo bila kufika kwenye damu.

Meza kidonge uamkapo, kwa maji matupu, ungoje dakika 30 hadi 60 ndipo ule. Cha chuma kisogeze mpaka upite muda wa saa nne tangu umeze hicho cha thairoidi. Wakati wa chakula cha mchana wafaa. Dawa za kiungulia zenye kalisiamu ni vivyo hivyo. (Chuma chenyewe hufunga choo, na upungufu wa damu hunyonyoa nywele, basi usiilaumu thairoidi kwa yote.) Rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8, kabla ya hapo haijatulia. Ikibaki juu, daktari wako aongeze. Akiongeza sasa, nawe baadaye ukatenganisha chai na dawa, dozi yaweza kuzidi: moyo mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea.

Ramadhani, amka saa moja kabla ya daku umeze, au umeze ukienda kulala, mradi zimepita saa tatu tangu ulipokula. Wanaoendelea kula baada ya tarawehe wachague kumeza saa moja kabla ya daku.

Kwa joto na unyevu wa Mombasa, viache vidonge ndani ya karatasi yake, mbali na jiko na bafu.

Ukishika mimba, usiache dawa. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, kwani mahitaji hupanda mapema na dozi huongezwa.