Kwa nini Guru Dutt aliacha kuongoza

Umeuliza kwa nini Guru Dutt, mwongozaji na mwigizaji wa filamu wa India, aliacha kuongoza filamu akiwa bado kijana. Jibu ni Kaagaz Ke Phool ya mwaka 1959. Ilikuwa filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa sinemaskopu, ile picha pana inayojaza ukuta mzima, na aliiwekea fedha na moyo wake wote. Watazamaji waliikataa. Baada ya hapo jina lake halikuonekana tena kama mwongozaji, ingawa aliendelea kutengeneza filamu na kuigiza. Chaudhvin Ka Chand ya 1960 ilimrudishia fedha, lakini aliyeiongoza ni M. Sadiq.

Alizaliwa Bangalore mwaka 1925, akasomea ngoma kwa Uday Shankar kule Almora, kisha akafanya kazi ya kuunganisha simu Calcutta kabla ya kuingia studio ya Prabhat, Pune. Huko ndiko alikokutana na mwigizaji Dev Anand, na urafiki wao ukazaa filamu ya Baazi mwaka 1951.

Ukitaka kumwelewa, itazame Kaagaz Ke Phool pale mwali wa jua unapokata giza la studio tupu, huku sauti ya mkewe, Geeta Dutt, ikiimba. Mpigapicha V. K. Murthy aliuvuta mwanga huo kutoka nje kwa vioo vikubwa! Mimi kila nikiuona huwa nasimamisha kila kitu.

Alifariki Oktoba 1964, Bombay, akiwa na miaka 39 tu. Filamu waliyoikataa leo inafundishwa vyuoni.