Ziwa linakauka, au maji yanavukizwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la nne huku Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kwenye somo la sayansi niliandika ubaoni: "Jua likiwaka, maji ya ziwa yanakauka, yanapanda juu na kuwa mawingu." Mwenzangu akasema nimekosea, niandike "yanavukiza". Halafu mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kama linakauka kila siku, mbona haliishi?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao maana sikuwa na jibu. Pia naomba unisaidie: mvuke na ukungu ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mtoto ameliona kosa la sentensi kabla yenu ninyi wawili, kwa hiyo naanza naye.

Kitenzi "kauka" kinatazama kile kinachobaki. Nguo zimekauka: maji yameondoka, nguo ziko kambani. Koo limekauka, kidonda kimekauka, kuni zimekauka. Kote huko kuna kitu kiko palepale, na tunaeleza hali yake baada ya kupoteza maji. Ukisema ziwa linakauka, msikilizaji anaona matope yaliyopasukapasuka na mitumbwi imelala ubavu. Mtoto kakuelewa barabara. Ni kweli tunasema pia "maji yamekauka kisimani", na si kosa, lakini hata hapo habari ni ya kisima. Maji hayamo tena. Yalikokwenda hakuna anayeuliza.

Juzi nilishuka mwaloni Igombe, wanakoanika dagaa mchangani. (Najua sarufi ya darasani inataka "dagaa wamekauka". Mwaloni ni "zimekauka", na mimi sina ubavu wa kugombana na watu wanaoziuza kwa ndoo.) Asubuhi zinang'aa kama fedha na zinanata vidoleni, ikifika saa nane mchana, jua likiwa zuri, ukiibana moja inavunjika kwa mlio. Nilimwuliza mama aliyekuwa akizigeuza: maji yaliyokuwamo yameenda wapi? Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Si yamechukuliwa na jua, baba."

Huyo mama amekwisha kujibu swali lako. Jua hukausha dagaa, jua huvukiza maji. Mtenda ni mmoja, vitenzi ni viwili, na kila kimoja kina mtendwa wake. "Kausha" ni cha dagaa waliobaki, "vukiza" ni cha maji yaliyoondoka.

Hapo sasa mwenzako ameteleza kidogo. "Vukiza" ni ndugu wa "fukiza", na wote wawili wametokana na "fuka", kama moshi unavyofuka jikoni. Kufukiza ni kukifanya kitu kifuke: mtu hufukiza chumba kwa ubani, na mwaka 2020 wengi wetu tulijifukiza nyungu, blanketi kichwani na jasho likitiririka. Anayefukiza ndiye mwenye kazi. Vivyo hivyo anayevukiza ni jua, au moto, au upepo. Maji hayavukizi, yanavukizwa. Ubaoni andika "maji huvukizwa na jua", au kwa watoto wa darasa la nne andika tu "maji hugeuka kuwa mvuke". Mimi hilo la pili nalipenda zaidi, halina pambo lakini halidanganyi. Jina la tendo utalikuta kama "mvukizo" na pia kama "uvukizaji". Chagua moja ubaki nalo mpaka muhula uishe.

Waeleze pia kwamba kuvukizwa si kuchemka. Watoto wengi wakisikia mvuke wanaona sufuria. Maji ya juu ya ziwa letu hukaa karibu na nyuzi joto 25, hayajachemka tangu ziwa liwe ziwa, lakini yanageuka mvuke mchana na usiku.

Turudi kwa mtoto: mbona haliishi? Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kati ya maji yote linayopokea, takriban asilimia 80 ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mito mingine yote kwa pamoja huleta hicho kilichobaki. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kama mvuke, na kinachotoka kule Jinja, Uganda, kuwa Mto Nile ni kidogo ukilinganisha. Mpe mtoto mfano wa duka: hela zinatoka kila siku na zinaingia kila siku. Duka halifungwi kwa sababu hela zimetoka, linafungwa zisipoingia.

Na kuna miaka huwa haziingii. Mwaka 2006, baada ya mvua chache na maji mengi kuachiwa yapite kwenye bwawa la Jinja, ziwa lilishuka sana, na watu waliposema "ziwa linakauka" walikuwa wanatumia neno mahali pake, hata kama walikuwa wanatia chumvi. Mwaka 2020 mvua zikazidi, maji yakapanda hadi kukipita kile kimo kilichokuwa kikisimuliwa tangu 1964. Lakini maji ya ziwa "hushuka" au "hupungua", mwalimu, hayakupwi. "Kupwa" waachie wenzetu wa pwani, ambao bahari yao hutoka na kurudi mara mbili kwa siku.

Mvuke na ukungu si kitu kimoja, ingawa mitaani tunavichanganya. Chemsha maji kwenye birika, uangalie mdomo wake kwa makini. Pale pale mvuke unapotokea huoni kitu, kuna nafasi ndogo iliyo wazi, kama upana wa kidole. Mvuke wenyewe uko hapo, nao hauonekani. Ule weupe unaoanzia mbele kidogo ni matone madogo mno ya maji: mvuke umekutana na hewa baridi ukarudi kuwa maji. Weupe huo ni jamaa wa ukungu kuliko wa mvuke. Na ukungu ukiwa juu tunauita wingu; mtu wa Lushoto, kule milimani, anapita katikati yake akienda shambani na kuuita ukungu, na sisi tulio bondeni tunaunyooshea kidole na kusema wingu. Wapo wanaoiita hatua hiyo ya mvuke kurudi kuwa matone "mtonesho". Si baya, ila ujiandae: ukitamka "kutonesha", watoto watafikiria kidonda kilichogongwa. "Mvuke hupoa na kuwa matone" inatosha kabisa.

Mvua "hunyesha", hapo hatuna ugomvi. Zamani kitenzi kilikuwa "nya" tu, na "nyesha" ni kuifanya inye, kazi ya Mungu. Siku hizi "kunya" kumebaki na maana ile nyingine, na ukikutumia kwa mvua mbele ya darasa la nne hutafundisha tena siku hiyo.

Neno moja hukuniuliza, lakini nakupa. "Umande" sote tunaujua kuwa ni yale matone ya alfajiri kwenye majani. Mabaharia wa pwani wanalo kwa maana nyingine pia: upepo wa usiku na alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda majini. Huku kwetu linafaa mno. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko ziwa, hewa inatoka kandokando kote, Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, na kuelekea majini. Ikikutana huko katikati inaisukuma juu hewa yenye mvuke, mawingu yanajengeka, radi zinaanza. Ndiyo maana ziwani dhoruba nyingi huja usiku wa manane hadi alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mchana mambo hugeuka, upepo hutoka ziwani na mawingu hujengeka upande wa bara. Darasani kwako hakosi mtoto ambaye baba yake huvua dagaa. Mwambie akamwulize ule upepo wa saa nane usiku huwa unampiga usoni au mgongoni akiwa anaelekea majini.