Kizunguzungu baada ya kiharusi: msikimbilie vidonge vya "kuongeza damu kichwani"

Ndugu uliyeuliza kama baba yako, ambaye bado anapata kizunguzungu miezi kadhaa baada ya kiharusi, aanze kutumia vidonge vya kuongeza damu kwenye ubongo, ushauri wangu ni kwamba msivinunue kabla hamjajua kizunguzungu chake ni cha aina gani. Mimi nilipata kiharusi cha ubongo mdogo, yaani sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo na mizani ya mwili, na kizunguzungu kilinisumbua muda mrefu kuliko udhaifu wa mkono. Kutokana na hali hiyo nimeona kwamba wagonjwa wawili wenye lalamiko lilelile huweza kuhitaji tiba tofauti kabisa.

Ni kweli kwamba damu inahusika. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo mtu anapokuwa ametulia. Shina la ubongo na ubongo mdogo hulishwa na ateri mbili zinazopanda kupitia mifupa ya shingo na kuungana kuwa moja, na chembe zilizokufa kwa kukosa damu huko hazifufuliwi na kidonge chochote. Kwa kawaida mishipa ya ubongo hujitanua na kujibana yenyewe ili damu isipungue presha inaposhuka, lakini baada ya kiharusi uwezo huo unaweza kudhoofika.

Kwa hiyo chunguzeni kwanza kama kizunguzungu humjia anapoinuka. Apimwe presha akiwa amelala kwa dakika chache, kisha apimwe tena akiwa amesimama, huku mtu akiwa karibu wa kumshika. Ikiwa namba ya juu ya presha itashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, mpelekeeni daktari vipimo hivyo pamoja na orodha ya dawa zake zote, zikiwemo za tezi dume na za usingizi, kwa sababu nyingi hushusha presha. Mimi nilibadilishiwa saa za kumeza dawa na kusisitiziwa kunywa maji ya kutosha, na asubuhi zangu zikawa na nafuu. Asiache dawa za presha kwa uamuzi wake mwenyewe, maana presha iliyopanda ndiyo huleta kiharusi cha pili.

Ikiwa chumba humzunguka kwa muda usiofika dakika moja kila anapojigeuza kitandani, huenda tatizo ni chembechembe zilizohama katika sikio la ndani, jambo linaloweza kumpata mtu yeyote. Hilo hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, na mtaalamu huweza kulimaliza kwa kikao kimoja au viwili.

Kizunguzungu changu hasa kilikuwa cha kuyumba wakati wote, na dawa yake ilikuwa mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kukazia macho herufi iliyobandikwa ukutani huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia, kusimama miguu ikiwa pamoja kando ya ukuta, na baadaye kutembea nikiangalia pembeni. Mazoezi hayo huongeza kizunguzungu kwa muda, na wengi huyaacha hapo wakidhani yanawadhuru, ilhali ubongo hujifunza kufidia kwa kukutana na usumbufu huo kidogo kidogo. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu, kama sinarizini na proklorperazini, hufaa kwa siku chache za kutapika sana. Vikitumiwa kwa muda mrefu huchelewesha kujifunza huko, na kwa wazee vinaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo. Sinarizini mara nyingi husifiwa kuwa ni dawa ya damu ya ubongo, na ndiyo sababu nimekutahadharisha mapema.

Kinacholinda mishipa ya ubongo ni kudhibiti presha, sukari na lehemu, kuacha tumbaku, na kuchunguzwa kama mapigo ya moyo hayana mpangilio. Dawa za kuzuia damu kuganda humfaa aliyezibwa mshipa, lakini zinaweza kumdhuru aliyevuja damu ubongoni, kwa hiyo asianzishiwe aspirini nyumbani.

Kizunguzungu kipya kikija ghafla pamoja na kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, shida ya kumeza, ganzi ya uso au kushindwa kusimama bila kushikwa, mwahisheni hospitali mara moja na mkumbuke saa kilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5. Picha ya CT mara nyingi haionyeshi kiharusi kidogo cha nyuma ya ubongo katika saa za mwanzo. Basi ikirudi safi na mzee bado hawezi kutembea, mwelezeni daktari kwamba aliwahi kupata kiharusi na muulizie kipimo cha MRI kabla ya kukubali kurudi nyumbani.