Kipa kuvaa kitambaa cha unahodha
Kipa anafaa kabisa kuwa nahodha. Italia 1982 (Dino Zoff, akiwa na miaka 40), Hispania 2010 (Iker Casillas) na Ufaransa 2018 (Hugo Lloris) zote zilibeba Kombe la Dunia zikiongozwa na kipa. Kipa uwanja mzima uko mbele ya macho yake: beki wa kushoto akipanda, kipa analiona pengo nyuma yake kabla beki wa kati hajageuza shingo. "Mgongoni!" moja tu, ikitoka mapema, inaokoa bao.

Shida iko kwenye kuzungumza na mwamuzi. Tukio likitokea kwenye boksi la wapinzani, kipa yuko mbali, upande wa pili wa uwanja, na akiliacha goli kwenda kulalamika anaweza kula kadi ya njano. Ndiyo maana Euro 2024, waliporuhusu nahodha pekee kuzungumza na mwamuzi, timu yenye nahodha kipa ilitaja mchezaji mwingine asiye kipa wa kufanya kazi hiyo. Nanyi mchagueni kiungo mtulivu, mwamuzi atajiwe jina lake kabla ya sarafu kurushwa. Ila kipa mkimya msimpe kitambaa, hata awe hodari namna gani wa kupangua penalti.