Ngozi ya begi la kompyuta mpakato: ng'ombe au mbuzi?

Ndugu, umeuliza uchukue ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi kwa begi la kubeba kompyuta kila siku. Mwili wa begi uwe wa ng'ombe, unene milimita 1.8 hadi 2. Ya mbuzi ni imara kwa wembamba wake, lakini ikiwa milimita 1 haitasimama yenyewe. Itumie kwa mifuko ya ndani. Ya kondoo iache kabisa, inachanika upesi kwenye mshono.

Kisha uliza ngozi imesindikwa kwa kitu gani. Iliyosindikwa kwa magome ya miti ya miwati hushika umbo na kingo zake hung'aa ukizilowanisha kidogo na kuzisugua kwa kipande laini cha mti, ila mvua huiachia madoa. Ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu, ni laini na huvumilia maji zaidi, lakini kingo zake hazisuguliki zikang'aa: zikunje au zipake rangi ya kingo. Ukitazama palipokatwa, ya kromu mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu-samawati katikati.

Mikanda ndiyo huharibu mabegi mengi. Ikate sambamba na mstari wa uti wa mgongo wa mnyama, karibu na mgongo wenyewe, upana sentimita 4. Ukiikata tumboni itavutika na begi litaning'inia upande.

Jihadhari pia na "ngozi" ya vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi. Ikunje kwa nguvu: uso ukipasuka kama rangi ya ukutani, irudishe dukani.