Kufukuzwa kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi

Pole sana dada yangu wa Mufindi, uliyeandika kwamba umefukuzwa kazi na sasa unaletewa karatasi ya kusaini. Msimamizi aliyekufukuza kwenye shamba la chai kwa sababu umejiunga na TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani Tanzania, amekosea: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya kujiunga, na kukuachisha kazi kwa sababu hiyo si halali.

Ila usikae ukisubiri huruma yake. Una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, pale Iringa mjini. Kujaza fomu ni bure. Beba mkataba, hati za mshahara, hata ujumbe wa simu. Na hiyo karatasi ya "nimeacha kwa hiari" wanayokuletea, usiisaini hata kidogo!